Mwanasayansi Anayehamia Kwenye Data Asiiache Shaka Yake Maabara

Miongoni mwa mabadiliko yaliyotokea kimyakimya katika elimu ya juu ya Marekani na Ulaya tangu kuanza kwa karne hii, ni machache yanayostahili kuangaliwa kwa makini kama lile la madaktari wa sayansi kuacha maabara na kuingia katika kazi iitwayo sayansi ya data. Mtu aliyetumia miaka mitano au sita ya ujana wake akichunguza nyota, chembe ndogo za maada au ubongo wa panya hupata shahada yake ya udaktari, na baada ya muda si mrefu huonekana katika ofisi ya benki, kampuni ya bima au duka la mtandaoni, akichambua kumbukumbu za wateja kwa kompyuta.

Sayansi ya data, kwa maelezo mafupi, ni kazi ya kukusanya takwimu nyingi, kuzisafisha, kuzipanga na kuzichambua kwa hesabu na kompyuta, ili mwenye kufanya uamuzi apate msingi wa kuufanyia. Benki inataka kujua ni mkopaji gani atashindwa kulipa. Hospitali inataka kujua ni mgonjwa gani atarudi wodini kabla ya mwezi kwisha. Mwenye duka anataka kujua ni bidhaa gani itakayonunuliwa wiki ijayo. Maswali haya yanatofautiana kwa sura, lakini njia ya kuyajibu ni moja.

Kuhusu uhamaji huu zimezuka fikra mbili. Fikra ya kwanza ni ya baadhi ya maprofesa wakongwe, ambao huona kuwa mwanafunzi aliyeondoka amewasaliti na kwamba elimu iliyogharimiwa kwa miaka mingi imetupwa sokoni. Fikra ya pili ni ya vijana wengi wenyewe na ya makampuni yanayowatafuta, ambao huona kuwa kijana huyo ameokoka na njaa ya chuo kikuu na kwamba hana tena haja ya kutazama nyuma. Fikra zote mbili zina kasoro moja: zinatazama mahali mtu anapokwenda, wala hazitazami anachokwenda nacho. Nalo hilo la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu maamuzi yanayotolewa leo kwa kutegemea kompyuta yanagusa kazi, matibabu na mikopo ya mamilioni ya watu wasiojua hata kuwa wamepimwa.

CHANZO CHAKE

Ni vema ikumbukwe kwamba uhamaji huu haukuanza na kompyuta za leo. Emanuel Derman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepata udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliingia katika benki ya Goldman Sachs mwaka 1985 na kutumia hesabu za wanafizikia kupima thamani ya mikataba ya fedha. Kundi kubwa zaidi lilifuata miaka minane baadaye. Mnamo Oktoba 1993 Bunge la Marekani lilisimamisha ujenzi wa mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe huko Waxahachie, Texas. Mtambo huo ulikusudiwa kuwa na mzingo wa kilometa 87. Zilikuwa zimekwisha kutumika dola zipatazo bilioni 2, na zaidi ya kilometa 20 za njia ya chini ya ardhi zilikuwa zimechimbwa. Kwa kura za wanasiasa, maisha ya kazi ya wanafizikia wengi yalikatika siku moja, na baadhi yao wakaelekea Wall Street, ambako ujuzi wao wa hesabu ulikuwa na mnunuzi.

Baadaye yakaja makampuni ya intaneti. Mwaka 2006 Jonathan Goldman, mwenye udaktari wa fizikia kutoka Stanford, alijiunga na kampuni ya LinkedIn, iliyokuwa wakati huo na wanachama wasiofika milioni 8. Aliona kwamba kutokana na kumbukumbu za shule na kazi za wanachama ingewezekana kukisia ni nani anafahamiana na nani, kisha mwanachama akaonyeshwa majina hayo. Wahandisi wa kampuni hawakulijali wazo lake mwanzoni, lakini lilipojaribiwa lilileta mafanikio makubwa. Mwaka 2008 D. J. Patil, ambaye alipata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Maryland kwa kuchunguza utabiri wa hali ya hewa, pamoja na Jeff Hammerbacher wa Facebook, walianza kuitumia kazi hiyo jina la mwanasayansi wa data. Mwaka 2012 Patil na Thomas Davenport waliandika katika jarida la Harvard Business Review makala iliyoisifu kazi hiyo kuwa yenye mvuto kuliko zote za karne hii. Mwaka huohuo mjini Palo Alto, California, ulianzishwa mpango ulioitwa Insight, ambao uliwachukua watu wenye udaktari wa sayansi na kuwaandaa kwa wiki chache tu kabla ya kuwakutanisha na waajiri. Patil mwenyewe aliteuliwa mwaka 2015 kuwa mwanasayansi mkuu wa kwanza wa data wa serikali ya Marekani.

Kwa hiyo anayesema kwamba vijana hawa wamevutwa na tamaa peke yake hasemi ukweli wote. Kwanza walisukumwa, ndipo wakavutwa.

NANI AMEWASUKUMA

Msukumo wenyewe si siri. Mwaka 2022 vyuo vikuu vya Marekani vilitoa shahada za udaktari wa utafiti zaidi ya 57,000, na sehemu kubwa zilikuwa za sayansi na uhandisi. Viti vya uprofesa haviongezeki kwa kasi hiyo. Profesa mmoja katika maisha yake ya kazi hufundisha madaktari wengi, na kiti atakachokiacha siku ya kustaafu ni kimoja. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuipiga hesabu hiyo. Waliobaki husubiri katika mikataba ya utafiti ya miaka miwili miwili, wakihama kutoka mji hadi mji, wakiahirisha ndoa na nyumba.

Malipo nayo yanasema. Kwa mwaka 2023, mtafiti mpya mwenye udaktari aliyekuwa chini ya ufadhili wa mafunzo wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alipangiwa posho ya dola 56,484. Mwaka huohuo, kwa mujibu wa takwimu za serikali ya nchi hiyo, mshahara wa kati wa mwanasayansi wa data ulikuwa dola 108,020, yaani nusu yao walipata zaidi ya hapo. Mtu mwenye mzazi wa kumtunza na mtoto wa kumsomesha hawezi kulaumiwa kwa kuiona tofauti hiyo.

Lawama inayostahili kutolewa ni nyingine. Maabara nyingi huendeshwa kwa mikono ya wanafunzi wa udaktari na watafiti wa mkataba, ambao hufanya kazi nyingi kwa malipo madogo. Maabara ina faida ya moja kwa moja katika kuwapokea wengi, lakini haibebi gharama yoyote wanapokosa nafasi baadaye. Katika hali hiyo, kumwita msaliti kijana anayeondoka ni sawa na mwenye shamba kumlaumu kibarua kwa kuondoka baada ya mavuno, ilhali hakuwahi kumpa hata kipande cha ardhi. Mwanafunzi anastahili kuambiwa siku ya kwanza ni wangapi kati ya waliomtangulia wamepata uprofesa, na wengine wako wapi. Chuo kinachoweza kupima uzito wa chembe isiyoonekana kwa macho hakishindwi kuwahesabu wahitimu wake.

ANACHOKWENDA NACHO

Baada ya kusema hayo, inafaa kutazama mzigo alioubeba mhamaji huyo. Wengi hudhani kwamba ni hesabu na ujuzi wa kompyuta. Vitu hivyo anavyo, lakini hata kijana mwenye shahada ya kwanza anaweza kujifunza. Mzigo wenye thamani ni tabia ya kutilia shaka jibu lake mwenyewe.

Chukua mfano wa wanafizikia wa CERN, karibu na Geneva. Mnamo Julai 4, 2012 walitangaza kwamba wameiona chembe mpya, ambayo baadaye ilithibitishwa kuwa ni ile ya Higgs iliyotafutwa kwa karibu nusu karne. Ndani ya mtambo wao wenye mzingo wa kilometa 27, mafungu ya protoni hupishana na kugongana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na karibu yote yanayotokea hutupwa kwa sababu hayana jipya. Hawakutangaza kitu mpaka walipohakikisha kwamba, kama chembe hiyo isingekuwapo, bahati tupu ingeweza kuleta matokeo ya namna ile mara moja tu katika takriban mara milioni 3.5. Makundi mawili yalifanya uchunguzi mbalimbali, na kila kundi lilijifungia macho lisitazame sehemu muhimu ya takwimu mpaka njia ya kuzipima imekwisha kukubaliwa, ili matumaini yasije yakapinda hesabu.

Huyo ndiye anayeingia ofisini Jumatatu asubuhi na kukuta kipimo kingine kabisa. Katika majaribio mengi ya kibiashara, uwezekano wa kudanganywa na bahati mara moja katika mara 20 huonekana unatosha. Tena meneja hulitazama jaribio kila siku, na siku linapoonyesha analolitaka, huamuru lisimamishwe na ushindi utangazwe. Asiyejua hatari ya mwenendo huo huona kuwa ni uhodari. Aliyefunzwa maabara anajua kwamba anayerusha sarafu mara nyingi, na kuacha kurusha pale tu anapopendezwa, atapata jibu lolote analolitamani.

Lakini haki itendeke pande zote mbili. Mhamaji naye ana mengi ya kujifunza, na akiwa na kiburi cha shahada yake atashindwa. Maabara ilimzoesha kumiliki swali moja kwa miaka mitano. Hapa atapewa swali wiki hii na kutakiwa jibu wiki ijayo. Alizoea kuandika programu ya kutumiwa na yeye peke yake. Hapa programu yake itasomwa, itasahihishwa na kurithiwa na wenzake, kwa hiyo ni lazima ieleweke. Alizoea kuchota takwimu katika chombo alichokitengeneza kwa mikono yake. Hapa atazikuta katika ghala za kampuni, zimeingizwa na makarani mia kwa namna mia, zenye tarehe zilizopinduliwa na majina yaliyoandikwa mara tatu, na sehemu kubwa ya siku yake itakwisha katika kuzisafisha. Alizoea kuzungumza na wajuzi. Hapa atamweleza mkuu wa mauzo asiyejua hesabu, kwa maneno matatu, kwa nini aamini au asiamini. Jambo gumu kuliko yote ni kujua ni uhakika kiasi gani unatosha. Kuchagua rangi ya tangazo hakuhitaji uhakika wa CERN. Kumnyima mtu matibabu kunahitaji mwingi kuliko unaotumika sasa.

SHAKA INAPOKOSEKANA

Mifano ya hasara iliyoletwa na takwimu zisizotiliwa shaka ipo. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya kukisia kuenea kwa homa ya mafua kwa kuhesabu maneno ambayo watu waliyatafuta katika intaneti. Ilisifiwa kuwa ya haraka kuliko taarifa za madaktari. Ugonjwa mpya ulipoanza kuenea mwaka 2009, huduma hiyo ilikisia pungufu. Na katika majira ya baridi ya 2012 na 2013 ilikisia takriban maradufu ya hali halisi. Mwaka 2015 ilisimamishwa. Kompyuta ilikuwa na takwimu nyingi mno, lakini mtu kuyatafuta maneno ya mafua si sawa na mtu kuugua mafua. Kuligundua hilo hakukuhitaji mashine kubwa zaidi, kulihitaji swali.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumiwa na hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilipima ugonjwa wa mtu kwa fedha zilizotarajiwa kutumika kumtibu. Sasa, Wamarekani weusi, kwa vizuizi vingi vinavyowakabili, hutumiwa fedha kidogo hata wanapokuwa wagonjwa sawa na weupe. Kwa hiyo kompyuta iliwaona kuwa wana afya kuliko walivyokuwa. Watafiti hao walikadiria kwamba kama kasoro hiyo ingeondolewa, sehemu ya weusi miongoni mwa waliostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi asilimia 46.5. Hakuna aliyeandika katika programu hiyo neno la ubaguzi. Ilitosha kwamba hakuna aliyeuliza kama fedha na ugonjwa ni kitu kimoja.

Bibi Cathy O'Neil ni ushahidi kwamba mhamaji anaweza kuuliza. Alipata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1999, akafundisha chuoni, na mwaka 2007 akaingia katika kampuni ya uwekezaji ya D. E. Shaw. Alishuhudia kutoka ndani jinsi msukosuko wa fedha wa 2008 ulivyozuka, kisha akafanya kazi ya sayansi ya data. Mwaka 2016 alitoa kitabu, Weapons of Math Destruction, kinachoeleza jinsi kanuni za siri za kompyuta zinavyowaumiza wanyonge. Mojawapo ya mifano yake ni mji wa Washington, ambako walimu 206 walifukuzwa mwaka 2011 kwa sababu ya alama za chini, na kwa baadhi ya walimu alama hizo zilitokana kwa sehemu na hesabu za mitihani ya wanafunzi ambazo mwalimu hakuweza kuzikagua wala kuzipinga. Bibi huyo alihama kutoka chuo kikuu, lakini hakuhama kutoka sayansi.

MFANO ULIO KARIBU

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya matajiri wa California tu, wala kwamba lazima itumikie matangazo ya biashara. Tanzania iliifanya kabla jina la sayansi ya data halijavuma. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, iliendesha katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini mradi uliojulikana kwa jina la TEHIP. Wakusanyaji wa takwimu walipita nyumba kwa nyumba, tena na tena, wakiandika waliozaliwa na waliofariki, na kuwauliza wafiwa dalili za ugonjwa uliomchukua marehemu. Takwimu hizo zilipolinganishwa na bajeti, ilionekana Morogoro kwamba malaria peke yake ilichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha za afya.

Maofisa wa wilaya wakapewa nafasi ya kupanga upya, pamoja na nyongeza ya fedha isiyozidi kiasi cha dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Takwimu hazikuwatibu watoto hao. Waliotibu ni waganga, wauguzi, dawa na vyandarua. Takwimu zilionyesha tu kwamba fedha zilikuwa zimewekwa mahali pasipo na ugonjwa. Kazi hiyo ilihitaji ustadi uleule anaohitaji mchambuzi wa duka la mtandaoni, na ilihitaji pia mtu wa kuuliza fedha zinakwenda wapi na wanaokufa ni akina nani.

Funzo lake ni kubwa kwa nchi yoyote yenye madaktari wa sayansi wachache. Nchi hiyo haina sababu ya kuwafungia maabara. Inayo sababu ya kuwafungulia milango ya wizara, hospitali, mamlaka za maji na idara za kilimo, ili mwenye ujuzi wa takwimu asione kuwa njia ya kutoka chuoni ni moja tu, nayo ni ya kwenda kukisia nani atabonyeza tangazo gani.

LINALOPASA KUFANYWA

Vyuo vikuu havina budi kuwaeleza wanafunzi wa udaktari ukweli wa nafasi zilizopo, na kuwapa kabla ya kuhitimu muda wa kujifunza kufanya kazi nje ya maabara, bila kuwafanya waone haya. Waajiri nao waelewe kwamba wanapomwajiri daktari wa sayansi na kumkataza kusema sijui, wamenunua shoka na kutupa makali yake. Mtaalamu aruhusiwe kusema kwamba takwimu hazitoshi, na asiadhibiwe kwa kulisema hilo mbele ya mkuu aliyekwisha kuahidi jibu.

Kijana mwenyewe asihame kwa kufuata upepo. Mlango uliokuwa wazi mwaka 2012 umekwisha kutikisika: mnamo Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000, na Januari 2023 kampuni mama ya Google ikatangaza kupunguza 12,000. Siku hizi mashine zenyewe huandika sehemu ya programu ambazo jana ziliandikwa na wachambuzi, na anayeegemea ujuzi wa lugha moja ya kompyuta anaegemea ukuta wa tope wakati wa masika. Mashine hutoa jibu kwa haraka na kwa sauti ya uhakika, liwe sahihi au la, na kwa sababu hiyo anayejua kulipima jibu anahitajika leo kuliko jana.

Basi aendaye na aende, na asiitwe msaliti. Watakaopimwa kwa hesabu zake, awe mgonjwa, mwalimu au mkulima anayeomba mkopo, hawatamwona uso wala hawatajua shahada yake. Watakachokipata kutoka kwake ni ule uangalifu aliofunzwa maabara, kama ameubeba.